Mvinyo Jikoni? Hapana, Hata Ukichemka



Msimu wa harusi umeingia, na pamoja na hina na nguo yanakuja maswali ya chakula. Moja linajirudia: resipe ikitaka mvinyo mwekundu, tuchague upi? Jibu letu ni fupi: hakuna. Na hoja inayozungushwa jikoni na mahotelini, kwamba "ukipikwa kileo chote huondoka na mvuke", tunaikataa.

Kwanza, si kweli. Watu husikia kuwa kileo huchemka kwenye nyuzi 78 na maji nyuzi 100, wakadhani kitatangulia chote kutoka. Lakini vikishachanganyika havitengani hivyo; hutoka pamoja, kidogo kidogo. Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo haina sababu ya kuitetea dini yetu, imechapisha vipimo. Chakula kikichemka taratibu kwa dakika 15, hubaki kiasi cha asilimia 40 ya kileo kilichotiwa. Nusu saa, asilimia 35. Saa nzima, 25. Saa mbili na nusu, bado 5. Kile kinachowashwa moto mbele ya wageni wakapiga makofi hubaki na 75. Sosi ya steki hukaa motoni dakika ngapi? Piga hesabu mwenyewe.

Pili, hata kingetoka chote, je? Surat Al-Maida, aya ya 90, haikutuamrisha tuipunguze khamri, imetuamrisha tuiepuke. Na Mtume (S.A.W.) hakuishia kwa mnywaji. Katika hadithi, laana imewafikia pia muuzaji, mnunuzi, mbebaji na mwenye kubebewa. Basi dada, chupa ile imefikaje jikoni kwako? Mvuke haufuti risiti.

Na wewe bi harusi mtarajiwa, sikiliza. Unakagua maua, unakagua taa, unakagua hata rangi ya vitambaa vya viti, halafu menyu unaisaini bila kuuliza, usije ukaonekana mshamba. Uliza! Keki ya Black Forest kwa asili yake hutiwa pombe ya cheri. Tiramisu nyingi hutiwa ramu au mvinyo. Keki ya matunda ya Kiingereza hulowekwa brandi wiki kadhaa, wala haiingii tena motoni. Bibi yako atakayekuja na buibui lake kukuombea dua hatauliza kitu. Atakula kwa sababu amekuamini. Dhamana hiyo ni yako, si ya mpishi.

Tunaambiwa ladha itapotea. Ladha gani? Mvinyo huipa nyama uchachu, utamu kidogo, ukakasi na rangi. Vyote hivyo tunavyo. Chukua supu nzito ya mifupa, juisi ya komamanga isiyotiwa sukari, kijiko cha ukwaju, na chai ya rangi iliyokolea kidogo tu kwa ajili ya ule ukakasi. Kaanga vitunguu mpaka viwe vya kahawia, tia nyama, mimina mchanganyiko wako, acha moto mdogo saa mbili au zaidi. Ukikosa komamanga, rozela itakupa rangi na uchachu. Visiwa vilivyojulikana dunia nzima kwa karafuu haviwezi kuambiwa havina ladha bila chupa ya Ufaransa.

Tahadhari moja: usikimbilie chupa iliyoandikwa "bila kileo". Marekani, kwa mfano, neno hilo huruhusiwa hata kinywaji kikiwa na kileo kidogo, mradi kiwe chini ya asilimia 0.5. Soma maandishi madogo, na ukiwa na shaka, iache dukani.

Kwa hiyo kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, andikeni kwenye mkataba: hakuna mvinyo, brandi, ramu wala pombe yoyote katika sosi, keki, krimu au nyama iliyolowekwa. Kisha mwambieni mpishi mkuu kwa mdomo pia. Akicheka, tafuteni mwingine. Wapishi wanaojua kazi yao hawakosekani.

Walima ni sunna. Kuuliza si ujinga, na kuona haya kwa jambo la halali si adabu. Allah azibariki ndoa zenu na azitakase sahani zenu. Amin.