Makofi hayaondoi ngazi

Wandugu, kuna hadithi moja ambayo watu wote wanaipenda: hadithi ya mulemavu aliyeshinda. Inagusa roho na haimuombi mutu yeyote kulipa hata franga moja. Tunasikiliza, tunapiga makofi, kiisha tunarudi kwetu. Leo tunaongelea mwanamke moja wa Uhispania, Teresa Perales, ambaye maisha yake yanasimuliwa karibu kila mara kwa namna ile. Sisi tunaona kama sehemu ya maana zaidi wanaiacha inje.

Kwanza tuseme yale yanayojulikana. Alizaliwa Zaragoza, katika jimbo la Aragon, mwaka 1975. Akiwa na miaka 19, ugonjwa wa neva ulimunyima nguvu ya miguu, na tangu hapo anatembea na kiti cha magurudumu. Kuogelea alijifunza kiisha kupata ulemavu. Mwaka 2000 alienda Paralimpiki ya Sydney, akarudi na medali 5. Zikafuata Athens, Beijing, London, Rio na Tokyo. Kule Paris, mwaka 2024, aliogelea kwa mukono moja na akapata shaba katika mita 50 za kuogelea chali. Hiyo ikamufikisha medali 28, kati yake 7 za zahabu: hesabu sawa na ile ya Mumarekani Michael Phelps katika Olimpiki. Mwaka 2021 walikuwa wamekwisha kumupa Tuzo ya Binti Mufalme wa Asturias kwa upande wa michezo.

Ile yote ni kubwa, hatuipunguze. Lakini mwaka 2003, katikati ya Sydney na Athens, Perales aliingia Cortes ya Aragon, ni kusema bunge la jimbo, kupitia Partido Aragonés, chama cha kwao. Baadaye akawa mukurugenzi mukuu katika serikali ya jimbo, kwa huduma ya watu wanaotegemea musaada wa wengine: kuoga, kuvaa, kula, kutoka kitandani. Kule hakuna kamera. Kuna makaratasi, bajeti, na foleni ya watu wanaongoja jibu. Kwetu sisi, njo hapo kazi yake inaanza kuwa somo kwa raia.

Juu ya nini? Medali inasema: huyu mutu anaweza. Ni vizuri. Lakini yule asiyeweza kuogelea hata mita moja, tunamufanyia nini? Bibi muzee wa kijiji cha Teruel ambaye hawezi kusimama peke yake hatapanda podium siku yoyote. Haki yake haiwezi kungoja ushujaa. Uhispania ilijibu kwa Sheria namba 39 ya mwaka 2006: mutu anapimwa, anawekwa katika moja ya ngazi tatu za utegemezi, na kiisha musaada unakuwa haki yake, si sadaka. Mbele ya sheria ile, muzigo mukubwa ulikuwa juu ya familia, na ndani ya familia, juu ya wanawake.

Sasa tazameni mwaka 2012. Tarehe 13 Julai, katikati ya shida ya uchumi, serikali ya Uhispania ilitoa amri ya kubana matumizi. Pesa za familia zinazotunza watu wao nyumbani zilikatwa asilimia 15, na serikali ikaacha kuwalipia watunzaji wale michango ya pensheni. Haikupita hata miezi miwili, Paralimpiki ya London ikafunguliwa, na Perales njo alibeba bendera ya Uhispania. Alirudi na medali 6. Inchi moja, majira moja: huku shangwe kwa walemavu, kule wanawakatia. Michango ile ilirudishwa mwaka 2019 tu.

Kuna watu watatuambia: vyama vinapenda sura zenye kujulikana, vinazitia kwenye liste kwa kutafuta kura. Ni kweli, hatukatai. Lakini kuna namna nyepesi ya kupima. Uliza walimuweka wapi kiisha uchaguzi. Kama ni kwenye picha ya ukuta tu, wamemufanya pambo. Kama ni penye maamuzi yanachukuliwa, ni kazi, na kazi tunaweza kuidai hesabu kama kwa kiongozi mwingine yeyote. Kumuheshimu mwanasiasa mulemavu ni pamoja na kumuuliza maswali makali.

Wengine watasema mutu moja hawezi kuwakilisha wote. Hapo tunakubali kabisa. Kule Uhispania, mpaka sheria ya Desemba 2018, watu karibu 100,000, wengi wao wenye ulemavu wa akili, walikuwa wamenyimwa kura na tribinali. Na mpaka Februari 2024, kifungu cha 49 cha Katiba yao ya 1978 kiliwaita walemavu kwa neno lenye kumaanisha "waliopungua". Hebu fikirini: Perales alikuwa na medali 27 tayari, na Katiba ya inchi yake ilikuwa ingali inamuita mutu aliyepungua. Medali hazikufuta lile neno. Lilifutwa na kura za bunge, kiisha miaka mingi ya mashirika ya walemavu kulidai.

Na sisi Wakongomani tusicheke ya wengine. Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya mwaka 2006, namba ileile, kinaipa Serikali wajibu wa kuendeleza uwepo wa watu wenye ulemavu katika taasisi za taifa, za majimbo na za mitaa. Maneno yetu yaliandikwa vizuri mbele ya yale ya Wahispania. Basi swali si maneno tena. Swali ni nani amekaa kwenye kiti, na kama anaweza kufika kwenye kile kiti bila kubebwa mugongoni.

Njo maana tunaomba kila mutu, kila mara anapomupigia mulemavu makofi, ajiulize maswali matatu. Je, anaweza kuingia katika jengo lile bila kusaidiwa? Je, yuko pale wanapogawa bajeti? Na yule mwenzake asiyekuwa na medali, haki yake imeandikwa wapi, na nani anailipa? Kama jibu hakuna, makofi yetu ni kelele, na ngazi ziko palepale.