MLANGO MMOJA HAUTOSHI

Tarehe 17 Juni, 2008, shirika la Mozilla la Marekani liliwaalika watu wa dunia nzima waje kwa siku moja kuchukua, bila malipo, toleo jipya la programu yake ya kusomea kurasa za intaneti, Firefox 3. Nia ilikuwa kuweka rekodi ya dunia. Watu waliitika, tena kwa wingi mno. Saa ya kufungua ilipofika, seva, yaani kompyuta kuu zinazowahudumia wageni wa shirika hilo, zililemewa, na zaidi ya saa nzima ikapita kabla ya hesabu kuanza. Hata hivyo, katika saa 24 zilizofuata, programu ile ilichukuliwa mara 8,002,530. Ni wastani wa zaidi ya mara 92 kwa kila sekunde.

Asiwepo wa kucheka. Mwezi Januari, 2009, kampuni ya Microsoft, ambayo haina dhiki ya fedha, ilitangaza toleo la majaribio la Windows 7, ikalazimika kuahirisha ugawaji ili kwanza iongeze seva. Basi ugonjwa huu si wa maskini peke yake. Kila seva ina kiasi chake, na njia inayopitisha mzigo ina upana wake. Tena anayecheleweshwa hubisha mara ya pili na ya tatu, na kila abishapo humwongezea mzigo yule aliyekwisha elemewa.

Wako watakaosema kwamba kungoja siku mbili si neno. Sisi hatukubali. Toleo jipya si pambo tu. Mara nyingi huleta dawa ya kuziba tundu ambalo mwizi angepitia. Mwezi Machi, 2017, Microsoft ilitoa dawa ya tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo, kikaingia hata katika hospitali za Uingereza, na wagonjwa wakaahirishiwa matibabu. Kosa siku ile halikuwa la seva kulemewa. Lakini funzo ni lile lile: dawa iliyo ghalani haimponyi mtu mpaka imfikie.

Dawa ya msongamano ni nini? Si kujenga mlango mmoja mkubwa zaidi, ambao baada ya siku ya shangwe utakaa bure mwaka mzima. Dawa ni kugawana mzigo. Mradi wa Debian, ulioanzishwa mwaka 1993, hutegemea vyuo na makampuni ya nchi nyingi yanayokubali kuweka nakala za ghala lake, ili kila mtu achukue karibu na kwake. Mwaka 2001, Mmarekani Bram Cohen aliendelea mbele zaidi kwa kubuni BitTorrent. Hapo faili hukatwa vipande vidogo, na kila apataye kipande humpa mwenziwe huku akingoja vingine. Hivyo wahitaji wanapozidi, watoaji nao huzidi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nasi katika maofisi, viwanda na vyuo vyetu tunalo la kufanya. Haifai kompyuta hamsini za jengo moja zivuke bahari mara hamsini kufuata kitu kimoja. Yapasa moja itumwe, ilete, kisha nyingine zigawiwe hapo hapo. Windows 10, tangu mwaka 2015, imekuwa na njia ya kompyuta kupeana matoleo zenyewe kwa zenyewe. Lakini kushirikiana si kupokea ovyo: nakala ni lazima ihakikishwe kwa alama yake kwamba ni ile ile iliyotolewa na mwenyewe, kwani mwizi naye hujua kugawa.

Ndugu, aliyekwisha pata asiondoke mlangoni mikono mitupu. Na achukue sehemu ya mzigo, ili wa nyuma naye apate mapema.