Mkono wa Polepole



Himdi zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, mama zangu na dada zangu, juma hili nitawazungumzia mchezo wa kriketi. Najua kwamba hapa Bodo vijana wetu wameshughulika na mpira wa miguu, na wengi wetu kriketi tumeiona kwa kupita tu, siku za safari ya Mombasa. Nistahamilieni. Sababu ya kuingia huko nitaieleza kwanza.

Ustadhi aliyekuwa akiwasomesha wasichana wetu wadogo baada ya alasiri amepata kazi mjini, na Mwenyezi Mungu ambarikie riziki yake. Tangu aondoke, darasa lilikaa wiki tatu bila ya mwalimu. Watoto walikuja, wakatandika mkeka, wakasomeshana wenyewe kwa wenyewe, na aliyekosea akamrithisha mwenziwe kosa lake. Basi tukatoka wazee watatu, tukaenda nyumbani kwa mwanamke aliyewasomesha mama zao watoto hao.

Bibi huyu aliacha kusomesha miaka sita iliyopita. Niseme ukweli: hakuacha, aliachishwa. Sisi wanakamati ndio tuliompumzisha, nami nilikuwamo. Tulisema sauti yake haifiki safu ya nyuma, magoti yanamuuma, na vijana wana njia mpya za kufundisha. Alitupokea vizuri, akatupa chai na mahamri, akatusikiliza mpaka tukamaliza. Kisha akasema, "Sheikh, siku ile mlisema kweli. Sauti yangu haifiki mlangoni. Tafuteni kijana." Hatukuwa na la kumjibu. Njiani tukirudi, maji ya bamvua yamejaa hata kwenye mikoko, nikamkumbuka Aasif Karim.

Aasif Karim ni mtoto wa Kiislamu wa Mombasa. Alizaliwa huko Disemba 1963, katika nyumba ya wachezaji, na mwanawe Irfan naye alikuja kuichezea Kenya. Yeye mwenyewe aliiwakilisha nchi katika tenisi, kwenye mashindano ya Davis Cup, na katika kriketi akafika kuwa nahodha wa taifa. Alikuwamo kikosini kule Pune, India, tarehe 29 Februari 1996, siku Kenya ilipowashinda West Indies na kuwatoa wote kwa mbio 93. Mwaka 1999 aliiongoza Kenya katika Kombe la Dunia nchini Uingereza, kisha akastaafu, akashika shughuli zake za bima. (Kuhusu bima wanavyuoni wana maneno yao, na leo si siku yake.)

Kwa asiyeujua mchezo huu: katikati ya uwanja pana ukanda wa ardhi ngumu, urefu wake kama mita ishirini. Mrushaji hurusha mpira mgumu wa ngozi kwa mkono ulionyooka. Upande wa pili amesimama mpigaji na gongo lake, akivilinda vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Akiupiga mpira mbali, hukimbia na kuhesabiwa mbio. Mipira sita ni ova moja. Kazi ya mrushaji ni kumtoa mpigaji, na akishindwa kumtoa, basi amnyime mbio.

Warushaji wako wa namna mbili. Wa kwanza ni wale wa kasi. Katika Kombe la Dunia la 2003, Shoaib Akhtar wa Pakistan alirusha mpira uliopimwa mwendo wa kilomita 161.3 kwa saa, hata matatu za Likoni kwenda Lungalunga hazijafika huko, na mwendo wake mwaujua. Wa pili ni wale wa polepole, ambao huusokota mpira kwa vidole ili ukishadunda uache njia yake kidogo. Karim alikuwa wa namna hii ya pili, tena wa mkono wa kushoto. Na hapa niseme neno kwa akina mama: mtoto tunamfundisha kula na kupokea kwa mkono wa kulia kwa sababu ndiyo adabu ya dini yetu, lakini kumfunga kitambaa mkono wa kushoto, au kumchapa kwa kuwa ameshika kalamu nao, hilo nalisikia bado lafanyika majumbani, na sioni dalili yake.

Tuendelee. Kombe lile la 2003 lilichezwa Afrika Kusini, na mechi chache Zimbabwe na Kenya. Karim alikuwa amefika miaka 39, umri ambao mchezaji huitwa mzee hata na waamuzi, akaombwa atoke katika mapumziko yake na kurudi timuni. Kenya ilipata mwaka ambao haijapata tena. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, alama zikapewa Kenya. Tarehe 24 Februari, papo hapo Nairobi, Sri Lanka wakafungwa, kijana Collins Obuya akiwatoa wapigaji watano. Baadaye wakashindwa Bangladesh, wakashindwa na Zimbabwe wenyewe, na Kenya ikaingia nusu fainali.

Kabla ya nusu fainali hiyo palikuwa na Australia, mjini Durban, tarehe 15 Machi 2003. Ulikuwa mwezi wa Mfungo Nne, mwanzo wa mwaka 1424 wa Hijra. Australia walikuwa mabingwa wa dunia, na katika mashindano yale hakuna aliyewashinda tangu mwanzo hata mwisho. Brett Lee, mrushaji wao wa kasi, aliwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Kenya ikajikusanya, ikamaliza na mbio 174. Australia walipoingia kupiga, Adam Gilchrist alipata mbio 67 kwa mipira 43 tu, na ilionekana watu watarudi nyumbani mapema. Ndipo nahodha Steve Tikolo akampa mpira yule mzee wa Mombasa.

Akamtoa Ricky Ponting, nahodha wa Australia. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg, mpira ukimrudia mikononi mwake mwenyewe, naye Hogg hakupata hata mbio moja. Alirusha ova nane na mipira miwili, yaani mipira hamsini kamili, na katika hiyo yote Australia walipata mbio saba. Ova sita kati ya zile nane hazikuzaa kitu.

Nataka tutue hapa kidogo, kwa kuwa watu husimulia hesabu hizi kama karama, na mimi naona zina maelezo yake. Mpira wa kasi humpa mpigaji sehemu ya nguvu anazozihitaji. Akiugusa tu vizuri, mwendo uliokuja nao ndio unaoupeleka mpakani mwa uwanja. Mpira wa polepole haumkopeshi kitu. Lazima nguvu zote azitoe yeye, na atakayetoa nguvu zote kwa pupa hukosea. Karim hakuwa na mpira wa ajabu siku ile. Aliuweka mahali pale pale, mara baada ya mara, bila ya haraka na bila ya hasira, na wapigaji waliozoea kukopa wakajikuta hawana mtaji.

Kenya ilishindwa. Australia walizifikia mbio zao, wakiwa wamepoteza watu watano, na sitaki msomaji adhani namsimulia ushindi usiokuwapo. Lakini waliochagua mchezaji bora wa mechi hawakumchagua Lee wala Gilchrist. Walimchagua Karim, wa upande ulioshindwa. Siku nane baadaye, katika fainali pale Johannesburg, Ponting huyo huyo aliwapiga India mbio 140 wala hakutolewa. Gongo lake lilikuwa zima. Kenya ilikuwa imekwisha kutolewa na India katika nusu fainali tarehe 20 Machi, na hiyo ikawa mechi ya mwisho ya kimataifa ya Karim. Alirudi kwao kimya kimya kama alivyokuja.

Dada zangu huniuliza mara kwa mara kama michezo ina nafasi kwetu. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamtangulia, na baada ya muda, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, Mtume akamtangulia yeye, akamwambia kwa mzaha kwamba wamelipana. Na amesimulia Anas (r.a.), katika Bukhari, habari ya ngamia wa Mtume aitwaye Adhbaa, ambaye hakuwa akishindwa. Siku moja bedui akaja na ngamia wake kijana, akampita. Masahaba wakaona uzito. Mtume akawafahamisha kuwa ni haki ya Mwenyezi Mungu, hakipandi kitu katika dunia ila atakishusha. Maneno hayo tumeyasoma sana kuwatuliza wazee walioshuka. Nilipokuwa natembea kutoka kwa yule bibi niliona sisi wanakamati tuliyasoma nusu. Nguvu zake zilishuka, kweli. Tulipopima sauti tulidhani tumempima yeye.

Mtoto anayeanza hahitaji mwalimu wa kelele. Anahitaji kuonyeshwa ayn inatoka wapi kooni, na haa inatofautiana vipi na ile nyingine, na aonyeshwe tena kesho na kesho kutwa mahali pale pale. Bibi yule hilo analo. Ustadhi wetu, naye asinielewe vibaya, alikuwa na sauti nzuri, na darasa lake lilisikika hadi barabarani. Lakini nimewasikiliza watoto aliowaacha, na ayn zao nyingi ni alif.

Sisemi kila aliyestaafu arudishwe. Yuko ambaye kumwita ni kumtesa. Na hata Karim hakurudishwa kukimbia kama kijana. Alipewa mpira wakati wake, na wenziwe wakasogezwa karibu kumsaidia. Sisi tulikwenda kwa bibi yetu na kazi ile ile tuliyomwondolea, bila ya kubadilisha chochote. Na liko jambo la aibu zaidi. Ustadhi alikuwa akipata posho kila mwezi. Yeye, katika miaka yote aliyosomesha, hakulipwa, na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza kwa nini.

Niliyasimulia haya nyumbani. Mke wangu akanisikiliza hadi mwisho, na kriketi yangu yote, kisha akasema, "Mlikwenda kuomba kazi. Msamaha hamkuomba."

Tukarudi siku ya pili yake, na safari hii akina mama wawili wakafuatana nasi. Tukaomba radhi. Tukamweleza habari ya posho. Alinyamaza muda, kisha akauliza watoto ni wangapi. Tukamwambia ishirini na watatu. Akasema atawachukua wanane, wasiozijua herufi, na waliobaki tuwatafutie mtu; na apatiwe kiti chenye mgongo, kwa kuwa kukaa mkekani hawezi tena.

Jumatano alianza. Nilipita nje baada ya swala ya alasiri, nikasimama kidogo penye mlango. Ni kweli, sauti yake haifiki pale. Watoto walikuwa wamesogea, wamekizunguka kiti.

Wabillahi tawfiq.