Dozi ya insulini ikipungua, usidhani mtoto amepona

Tuchukue mfano ambao mzazi wa Lushoto ataufahamu haraka. Mtoto wa miaka tisa pale Soni anaanza kunywa maji kupita kiasi. Anakojoa kitandani wakati alishaacha zamani, na anakonda ingawa anakula. Anafikishwa hospitali akiwa hoi, anapimwa, na sukari inakutwa juu sana. Ni kisukari aina ya kwanza. Analazwa, anaanzishiwa insulini, kisha anaruhusiwa kurudi nyumbani na dozi yake ikiwa imeandikwa kwenye daftari.

Wiki chache baadaye mambo yanageuka. Dozi ileile sasa inamshusha sukari. Anatetemeka, anatoka jasho kwenye baridi, anaongea yasiyoeleweka. Kliniki inapunguza dozi, halafu inapunguza tena. Mtoto ananawiri na kurudi kwenye mpira. Bibi anasema mitishamba imefanya kazi, jirani anasema ni maombi. Mama naye anajiuliza: kwa nini niendelee kumchoma sindano mtoto mzima?

Mzazi mwenzangu, hapo ndipo penye hatari.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Siku ugonjwa unapogundulika, nyingi zimeshaharibika, lakini si zote. Zilizobaki zimezidiwa na sukari nyingi mpaka zimeshindwa kazi. Insulini ya sindano inapoingia, zinapumua na kuanza tena kutoa insulini kidogo, na mahitaji ya sindano yanashuka. Wataalamu hukiita kipindi hiki fungate, na kama fungate yoyote, kina mwisho. Kwa wengine hudumu wiki chache, kwa wengine miezi, kwa wachache hupita mwaka. Wapo wasiokipata kabisa. Muda wote huo kinga ya mwili inaendelea kuzishambulia chembe zilizobaki.

Kwa hesabu, mtoto wa kilo 30 anaweza kutoka hospitali akitumia yuniti 30 kwa siku, akashuka chini ya 15 wakati wa fungate, kisha akapanda tena hadi kati ya 21 na 30. Akibalehe anaweza kuhitaji zaidi, kwa sababu homoni za ukuaji hupunguza nguvu ya insulini. Dozi kupanda si ushahidi kwamba mama amekosea.

Lakini fungate si ruhusa ya kuacha sindano. Insulini ilitumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza Januari 1922 huko Toronto, Kanada, kwa kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Kabla ya hapo watoto wenye ugonjwa huu walikufa. Mpaka leo hakuna mmea uliothibitishwa kuchukua nafasi yake. Ombeni, na bibi apewe heshima yake, ila sindano ibaki.

Maoni yangu ni kwamba wazazi wanaoacha sindano wasilaumiwe peke yao. Sisi tunaotoa elimu ya afya tunamfundisha mama kuchoma na kupima, tukasahau kumwambia yanayokuja. Maneno machache siku ya kuruhusiwa yangesaidia: “Dozi itashuka, utadhani amepona. Usiache, njoo kliniki.” Asipoyasikia kwetu, atapewa maelezo mengine mtaani. Kila kliniki iyaandike kwenye daftari la mtoto, na baba naye aitwe asikie.

Wewe mzazi, pima sukari na uandike kila kipimo na kila dozi. Vipimo vikishuka chini ya 4 mara kwa mara, wasiliana na kliniki siku hiyohiyo ili dozi ipunguzwe. Usiifute mwenyewe. Vikianza kupanda siku kadhaa mfululizo, rudi pia, maana huenda fungate inaisha.

Kwa milima yetu kuna la ziada. Mtoto anayeshuka bonde na kupanda mlima kwenda shule hutumia sukari nyingi, na wakati wa fungate mwendo huo unaweza kumwangusha njiani. Awe na glukosi au sukari mfukoni, na mwalimu ajue. Akitetemeka, apewe kwanza sukari iliyoyeyushwa kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, ndipo ale chakula. Akiwa amezimia, usimnyweshe kitu. Mkimbize hospitali.

Upande wa pili, mtoto akitapika, akilalamika tumbo, akipumua haraka na kwa kina, au pumzi ikinukia kama tunda lililoiva sana, usiseme ni malaria tu. Mpime sukari, usikatishe insulini hata kama hali chakula, na uondoke mapema. Anayekaa Mtae au Mlola anajua barabara zetu wakati wa mvua. Usisubiri asubuhi.

Na siku dozi itakapopanda tena, usilie kwamba dawa imeshindwa au mtoto amerogwa. Kongosho limefika mwisho wa nguvu zake, na sindano inaifanya kazi yote. Mtoto anayeipata kila siku atasoma, atacheza na atakua kama wenzake.