Kihamba Kisicho na Ng'ombe

Kila mwaka ifikapo katikati ya mwezi Desemba, barabara zinazotoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hujaa magari yanayowarudisha Wachagga nyumbani. Wapo wanaotutania kwamba tunakwenda kuhesabiwa. Utani huo hatuukatai. Lakini ni katika siku hizo chache, baina ya Krismasi na mwaka mpya, ndipo ukoo hukaa uani na kukata mashauri makubwa, na shauri lililo zito kuliko yote ni hili: kihamba alichoacha marehemu baba kigawanywe vipi. Juu ya shauri hilo tunayo machache ya kusema.

Msomaji aliyezaliwa Kibosho, Machame, Marangu au Rombo hahitaji kufundishwa kihamba ni nini, ila watoto wake waliozaliwa mjini huenda wakahitaji. Juu kabisa kuna miti ya kivuli kama mringaringa na mruka. Chini yake migomba. Chini ya migomba mibuni. Na chini ya mibuni magimbi, viazi vikuu, maharage na mboga. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp amehesabu aina zaidi ya 500 za mimea katika vihamba vya Kilimanjaro, na nyingi kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Siku hizi kilimo cha namna hii huitwa kilimo hai, na hufundishwa kwenye semina. Bibi zetu walikifanya bila ya kukipa jina.

Bustani hii ina kazi zake kwa kila majira, na aliyekulia ndani yake anazijua. Jua la Januari na Februari ni wakati wa kutandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo ili unyevu usitoroke, na wa kuzibua mifereji waliyoichimba mababu kuteka maji ya mito itokayo msituni. Samadi iliyolundikwa na kufunikwa tangu mwaka uliopita huingizwa mashimoni kabla masika hayajaanza mwezi Machi. Samadi iliyoachwa wazi mvuani huoshwa nguvu yake yote, na mwenye shamba hubaki na makapi. Aprili na Mei maji ni mengi mno; kazi ni kuyaongoza yasichukue udongo kuupeleka mtoni. Kisha huja Juni hadi Agosti, miezi ya ukungu na baridi, ambapo mnavu na sukuma wiki hustawi vizuri mlimani na kahawa huanza kuiva. Baada ya kuchuma hupogolewa mibuni, na vuli inapobisha hodi, mzunguko umekamilika.

Lakini yote hayo husimama juu ya nguzo moja, nayo ni ng'ombe aliye zizini. Zamani alilala ndani ya nyumba pamoja na wenyewe. Mgomba ukishakatwa mkungu, shina lake hukatwakatwa akapewa ng'ombe. Samadi na mkojo wake hurudi kwenye mgomba. Hata hivyo, duara hilo peke yake halitoshi. Kila mkungu unaopanda lori kwenda Dar es Salaam, na kila gunia la kahawa linaloshuka kwenda Moshi mjini, huondoka na sehemu ya rutuba ya kihamba, hasa potasiamu, ambayo ndizi huipenda mno. Rutuba hiyo ilirudishwaje kwa miaka yote hiyo? Ilirudishwa vichwani mwa akina mama. Mizigo ya majani waliyoikata tambarare na kuipandisha mlimani, mabua ya mahindi na maganda ya maharage kutoka mashamba ya chini, yote yalipitia tumboni mwa ng'ombe na kuwa udongo. Wengi tulidhani mama zetu wanabeba chakula cha mifugo. Kumbe walikuwa wakikibeba kihamba chenyewe.

Sasa tutazame hesabu. Wataalamu waliochapisha uchunguzi wao mwaka 1984 walikuta wastani wa kihamba kimoja kuwa hekta 0.68, yaani ekari 1.7 hivi. Kigawe kwa watoto wanne wa kiume, na kila mmoja atapata chini ya nusu ekari. Hapo hatujatoa makaburi ya wazee, ambayo hayaguswi, wala hatujatoa nyumba nne zenye viwanja vya kuegesha magari, kwa kuwa siku hizi kila ndugu anataka yake, hata kama ataifungua kwa juma moja tu katika mwaka. Mkoa wetu ulikuwa na watu zaidi ya 1,640,000 katika sensa ya mwaka 2012, na zaidi ya 1,860,000 katika ile ya mwaka 2022. Mlima haukuongezeka hata hatua moja.

Kipande kikishakuwa kidogo kupita kiasi, wa kwanza kuondoka ni ng'ombe. Hana pa kusimama, na aliyebaki nyumbani hawezi kumtafutia majani peke yake. Samadi ikikoma, migomba hudhoofu na mikungu yake kuwa myembamba. Na mwenye kihamba, akiona hivyo, huikata akapanda mahindi ambayo hayana kivuli cha kuushika udongo wa mteremkoni. Mwishowe husemwa kwamba ardhi imechoka. Ardhi haikuchoka bali imenyimwa chakula.

Tutaambiwa kwamba mbolea ya chumvichumvi ipo madukani. Ipo, nasi hatumlaumu anayeinunua, kwa kuwa mwenye njaa hachagui. Ila inagharimu fedha, na haiujengi udongo kama samadi iufanyavyo. Bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya mapatano ya dunia kuvunjika mwaka 1989, wengi walishindwa kununua pembejeo. Aliyekuwa na ng'ombe zizini hakulala njaa. Kuhusu dawa nako kuna funzo: kwa miongo mingi mibuni yetu ilipuliziwa mrututu kuzuia magonjwa, na mrututu ni shaba, na shaba haiozi, hubaki udongoni. Heri kwamba tangu mwaka 2005 Taasisi ya Utafiti wa Kahawa iliyopo Lyamungu imetoa aina za mibuni zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Kwa wadudu wa mboga, majivu, pilipili na majani ya utupa bado yanasaidia, ingawa utupa utumike kwa tahadhari na usikaribie mfereji, kwani unaua samaki.

Twarudi kwenye kikao cha Desemba. Hatusemi kwamba watoto wanyimwe urithi. Tunasema kuwa kurithi si lazima kukata. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu hati ya haki miliki ya kimila kutolewa kwa familia au kwa kundi la watu, si kwa mtu mmoja tu. Ndugu wanne wanaweza kukishika kihamba kimoja kwa pamoja, wakajenga nyumba moja ya kufikia, na anayebaki kukilima akapata fungu kubwa la mazao kwa jasho lake. Halmashauri za vijiji zingefanya jambo jema kuwaeleza wananchi njia hiyo kabla ya miezi ya sikukuu, badala ya kungoja ugomvi wa mipaka ndipo ziitwe kwenda kuhesabu masale.

Lipo na jambo la pili, ambalo huenda litawaudhi baadhi ya wazee wetu. Katika vikao hivi wanaozungumza ni wanaume, na wengi wao wanaishi mbali. Mama au dada aliyebeba majani, akafagia zizi na kusambaza samadi kwa miaka thelathini huketi pembeni akichambua mchele. Sheria ile ile inatamka kuwa mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili. Hata tukiiweka sheria kando, ni nani mwingine katika ukoo anayejua kihamba kile kinataka mizigo mingapi ya majani kwa juma?

Tunawaomba basi wakuu wa koo, mtakapokaa Desemba ijayo, msianze kwa kamba ya kupimia. Mwulizeni kwanza yeye, mbele ya wote: tukikigawa hivi, ng'ombe atasimama wapi, na nani atamkatia majani? Jibu lake liandikwe katika kumbukumbu za kikao kabla ya mtu yeyote hajainuka kwenda kuonyesha mpaka.