Saa Mbili za Angani

Hapa Lubumbashi husikika mara nyingi neno hili: "Kinshasa ni karibu, saa mbili tu kwa ndege." Kwa rubani ni neno la kweli. Kwa walio wengi kati yetu si la kweli, tena linatufanya tuhukumiane vibaya.

Tutazame kwanza hesabu yenyewe. Kwa mstari ulionyooka wa angani, toka Lubumbashi hadi Kinshasa ni kilomita 1,570 hivi. Ndege ya jeti, iendayo kilomita 800 kwa saa, huzimaliza kwa muda wa saa mbili na robo hivi, pamoja na dakika za kupaa na kushuka. Saa ya ukutani nayo ina mchezo wake, kwa kuwa Lubumbashi imetangulia Kinshasa kwa saa moja. Anayeondoka Kinshasa saa mbili asubuhi hufika kwetu saa tano na robo. Anayeondoka kwetu saa mbili hufika kule saa tatu na robo. Safari ni ileile, lakini mmoja hujiona amepoteza asubuhi nzima, na mwingine amepewa zawadi.

Sasa ichukueni ramani. Toka Lubumbashi hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,400 hivi. Hadi Lusaka hazifiki 450. Goma iko mbali na Kinshasa karibu sawasawa na sisi, lakini Nairobi iko karibu nayo kwa nusu ya mwendo huo. Ndiyo maana malori ya unga hutufikia kwa mpaka wa Kasumbalesa, wala si kutoka mji mkuu wetu. Mahusiano ya watu hufuata njia ambayo maskini anaweza kuipita.

Njia ya namna hiyo ilikuwako. Tangu 1928 reli iliunganisha mji huu na Ilebo, na kutoka huko msafiri alipanda meli, akashuka mto Kasai na mto Kongo mpaka Kinshasa. Njia hiyo haijafutika, lakini leo ni safari ya siku nyingi, na mara nyingine ya majuma, kwa mabehewa na mashua zilizochoka. Barabara nayo, mvua ikinyesha, ni afadhali nisiseme. Hivyo imebaki ndege, na tiketi ya kwenda na kurudi inaweza kupita mshahara wa mwezi mzima wa mwalimu.

Kwa hiyo, mtu asipofika kwenye matanga ya baba yake, sikubali aulizwe, "Saa mbili tu zilikushinda?" Hazikumshinda saa. Zilimshinda fedha, nasi tunamwongezea aibu juu ya msiba. Vilevile siwaungi mkono wanaosema kwamba watu wa Kinshasa hawatujui kwa sababu ya majivuno. Wangetujua kwa njia gani? Ni wangapi kati yetu waliowahi kuuona mto ule kwa macho?

Wakubwa wa nchi hupanda ndege, na pengine ndiyo sababu reli husubiri. Mtu aliyezoea kuivuka nchi kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana haoni kwamba huko chini, Kamina, kuna abiria waliolala kituoni wakingoja treni.