Mzima Si Pa Kunyoosha Miguu Tu

Mtu akirudi kutoka Tsavo Magharibi, swali la kwanza huwa moja: simba mlimwona? Aliyemwona husimulia hadi usiku. Asiyemwona hubaki akijitetea. Chemchemi za Mzima, ambako mgeni hushuka garini na kutembea kandokando ya maji, hutajwa mwishoni kabisa, kama kituo cha kunyoosha miguu kabla ya kurudi kwenye safari yenyewe. Dhana hii wanayo madereva wa watalii, na wanayo pia baadhi ya walimu wanaopanga ziara za shule. Mimi naipinga. Kwa mkazi wa Pwani hasa, njia ile fupi isiyomchosha mtoto wala mzee ina mafunzo kuliko sehemu nyingine yoyote ya hifadhi.

Wenye dhana hiyo wana sababu zao. Tsavo Magharibi ina zaidi ya kilomita za mraba 9,000 na wanyama wametawanyika vichakani. Aliyelipa kiingilio na mafuta anataka kuona vingi, na gari humfikisha mbali. Pale Mzima huenda akaambulia tumbili, ndege, na macho na masikio ya viboko yaliyochomoza juu ya maji. Ikiwa kipimo chetu ni idadi ya wanyama wakubwa tuliowapiga picha, Mzima itashindwa. Lakini kipimo hicho chenyewe kina kasoro. Orodha ya wanyama inakuambia nani anaishi Tsavo. Haikuambii anaishije, wala maisha yake yanakuhusu nini wewe wa Changamwe au Likoni.

Tuanze na maji. Unayafikia baada ya kupita nchi kavu yenye vumbi na mawe meusi ya lava, na ghafla uko chini ya kivuli cha mikuyu na mikindu. Maji haya yalinyesha kama mvua kwenye Milima ya Chyulu, upande wa kaskazini. Milima ile ni ya volkeno, na mvua yake haitiririki juu ya ardhi ikawa mto. Hunywewa na majivu na miamba yenye vitundu, ikapita chini kwa chini kwa miaka mingi huku ikichujwa, ikaja kuibuka Mzima ikiwa maji maangavu hata unawaona samaki waliomo. Hutoka zaidi ya lita milioni 200 kila siku. Aliye garini huona kijani kwa mbali akapita. Anayetembea huivuka mipaka ile kwa nyayo zake, kutoka kwenye lava hadi kwenye maji, na swali la yametoka wapi humjia lenyewe.

Kisha mtazame kiboko. Usiku hutoka kwenda kula nyasi, alfajiri hurudi majini, na mchana kutwa kinyesi chake huanguka mle mle. Kinyesi hicho hulisha vijidudu na konokono. Hao huliwa na samaki. Samaki huliwa na mnandi na mamba. Wako samaki wanaomfuata kiboko kumsafisha ngozi. Pale Mzima pana chumba kilichojengwa chini ya uso wa maji, chenye madirisha ya kioo, na ukisimama ndani samaki hupita mbele ya pua yako. Alan na Joan Root walitengeneza filamu nzima juu ya chemchemi hii zaidi ya miaka 50 iliyopita, na wapigafilamu wengine wakaja baadaye. Wote hao walikaa penye maji haya, na hawakukosa cha kuonyesha.

Mwaka 2009 ulitupa somo chungu. Ukame ulipozidi, maji ya chemchemi hayakukatika, lakini nyasi za kandokando ziliisha na viboko wengi wakafa kwa njaa. Maji peke yake hayakuwaokoa. Yahitaji nchi yenye uhai kuyazunguka. Jambo hilo ukiliona mahali lilipotokea, huhitaji tena hotuba ya uhifadhi.

Na maji haya hayaishii hifadhini. Tangu miaka ya 1950, bomba huyachukua kutoka Mzima hadi Mombasa, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, kwa nguvu ya mteremko. Yasiyoingia bombani huungana na Mto Tsavo, nao hukutana na Athi kuwa Galana, unaoitwa Sabaki ukikaribia bahari. Kwenye ukingo wa Sabaki, huko Baricho, viko visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Kwa hiyo Pwani hunywa Mzima kwa njia mbili. Mama wa Kongowea anayesubiri mkokoteni wa mitungi kwa sababu mfereji umekauka ana haki ya kujua habari za Chyulu, kwa kuwa kila mti unaokatwa kule kwa ajili ya makaa unagusa mtungi wake.

Wengine husema kutembea ni hatari. Ni kweli, kiboko na mamba huua. Ndiyo maana mgeni hutembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, hufuata njia, hasogelei ukingo, na hapigi kelele. Masharti hayo ni sehemu ya somo: mtoto hujifunza kwamba pale yeye ni mgeni, na wenyeji wana heshima yao.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya gharama. Njia ni nyepesi mguuni, lakini mfukoni si nyepesi kwa asiye na gari. Hapo nakubali, ila jawabu lake ni kuwafikisha watu, si kuwaachia watalii mahali hapa. Treni ya abiria inayosimama vituo vya kati kutoka Mombasa husimama Mtito Andei, na Mzima iko yapata kilomita 50 kutoka mjini hapo. Kaunti za Pwani, kampuni za maji na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori zikikubaliana, basi la shule linaweza kuwasubiri wanafunzi kituoni na kuwafikisha. Watoto wa Taita Taveta wawe wa kwanza, kwani wazee wao wamelalamika kwa miaka, na kwa haki, kwamba bomba linapita kwao likienda kuwanywesha wengine.

Mazungumzo ya bomba la pili la Mzima yamekuwepo kwa muda mrefu, na moto na makaa bado vinaisumbua Chyulu. Siku ya kuamua mto ugawane vipi na mji, sauti za watu wa Mombasa, Voi na Malindi zitakuwa na uzito mkubwa. Nataka watakaosema siku hiyo wawe wameshatembea pale na kuona kiasi gani cha maji kinahitajiwa na viboko, samaki na mikuyu kabla ya kuuliza kiasi gani kinabaki kwa ajili yetu. Simba watamwona siku nyingine.